Mama Robinson wa Jana na wa Leo

Huenda wewe ni kama baadhi yetu. Ukisikia watoto wanataka kutazama hadithi ya vyombo vya angani, unakumbuka ghafla kwamba kuna sufuria jikoni. Kwetu hayo yalikuwa mambo ya wavulana: makelele, taa za rangi, na majitu yenye macho matatu.

Lakini katika likizo moja ya shule tulijikuta akina mama watano sebuleni kwa mwenzetu, watoto wametuzidi nguvu, tukatazama tamthilia ya Kimarekani iitwayo Lost in Space, yaani Waliopotea Angani. Ijumaa jioni tulikaa kwa kulazimishwa. Jumapili baada ya ibada tulirudi wenyewe bila kuitwa.

Tamthilia hiyo ni hadithi ya zamani iliyotengenezwa upya. Ilipotoka kwenye Netflix tarehe 13 Aprili 2018 iliwagawa watazamaji wake. Wako walioishangilia, na wako walionung'unika kwamba kitu walichokipenda utotoni kimeharibiwa. Tulipofuatilia manung'uniko hayo tulishangaa. Roboti na roketi walizitaja, lakini kilichowachoma zaidi kilikuwa mama wa familia, baba yake, ndoa yao na namna wanavyolea watoto. Hapo tukaona kwamba habari hii inatuhusu.

Hadithi ya mchungaji na wanawe

Kwanza turudi nyuma kidogo. Huko Bern, Uswisi, aliishi mchungaji mmoja, Johann David Wyss, aliyekuwa na watoto wa kiume wanne. Aliwatungia hadithi ya familia iliyovunjikiwa na meli karibu na kisiwa kisicho na watu, ili wajifunze kutumia akili na mikono yao, wapendane na kumtegemea Mungu. Mmoja wa wanawe, Johann Rudolf, aliitengeneza ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1812. Kitabu kilipewa jina la Robinson kwa kumfuata Robinson Crusoe, yule baharia wa kitabu cha mwaka 1719. Familia yenyewe haikuwa na jina hilo. Kilichotufurahisha sisi ni mama wa kitabu hicho. Alikuwa na mfuko wake, na kila walipokwama, sindano, uzi au mbegu vilitoka humo. Ni mama gani asiyeujua mfuko wa namna hiyo?

Miaka zaidi ya 150 baadaye, mtengenezaji wa vipindi Irwin Allen alikiondoa kisiwa akaweka sayari, na meli ikawa chombo cha angani. Tarehe 15 Septemba 1965 familia ya Robinson ilianza kuonekana katika televisheni ya CBS ya Marekani. Katika hadithi hiyo dunia imejaa watu, na mwaka 1997 (wakati huo ulikuwa mbali sana!) familia moja inatumwa kwenda kuanza maisha katika nyota ya Alpha Centauri. Msaliti aitwaye Dokta Smith anaharibu safari, chombo kinapotea njia, na tangu hapo wanatafuta njia kwa vipindi 83, mpaka Machi 1968. Hawakufika.

Mama wa mwaka 1965

Kati yetu watano yuko mmoja ambaye sote tunamwita Bibi. Alikwenda Marekani mwaka 1966 kusomea uuguzi, akakaa kwa familia moja ya waumini. Anakumbuka kwamba Jumatano jioni hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza sebuleni: watoto wa nyumba hiyo walikuwa sakafuni wakimtazama Dokta Smith. Kwa hiyo tulikuwa na shahidi. Kila kipindi kipya kilipokwisha tuligeuka kumwangalia Bibi, naye alitikisa kichwa, mara kukubali, mara kukataa.

Maureen Robinson wa zamani aliigizwa na June Lockhart, ambaye Wamarekani walikuwa wamekwisha kumzoea kama mama katika vipindi vya mbwa Lassie. Alikuwa mpole, nadhifu, asiyepaza sauti. Hadithi ilisema kwamba ni msomi wa baiokemia mwenye udaktari. Lakini vipindi vilivyozidi kwenda, usomi huo ulionekana kwa nadra. Tulimwona akipika, akiandaa meza nje ya chombo, akiangalia bustani, akiwaita watoto waingie ndani. Chombo kilikuwa na mashine ya kufulia iliyotoa nguo zimekunjwa na kufungwa ndani ya plastiki. Bibi anasema mama wa nyumba ile aliitamani mashine hiyo kuliko safari yenyewe ya Alpha Centauri.

Tusiwacheke watu wa wakati ule. Marekani haikuwa imempeleka mwanamke hata mmoja angani. Urusi ya Kisovieti ilimtuma Valentina Tereshkova mwaka 1963. Marekani ilingoja mpaka mwaka 1983, alipokwenda Sally Ride. Mwaka uliofuata alikwenda Anna Fisher, daktari, ambaye binti yake alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza kwenda angani akiwa ameacha mtoto nyumbani. Basi mwaka 1965, kumweka tu mama ndani ya chombo, hata kama ni karibu na jiko, kulikuwa ni kufungua mlango. Mwaka 2013 shirika la anga la NASA lilimpa June Lockhart nishani kwa jinsi alivyowavuta watu kupenda kazi zake. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 100.

Hata hivyo watoto wa zama zile hawakumkumbuka sana mama huyo. Walimkumbuka Dokta Smith. Mwigizaji wake, Jonathan Harris, alianza kama mtu mbaya kweli, muuaji wa kutumwa. Akaona kwamba mtu wa namna hiyo hatadumu, akaanza kuyabadilisha maneno yake mwenyewe mpaka Smith akawa mwoga, mvivu, mlafi na mwenye matusi matamu kwa roboti. Kadiri alivyochekesha ndivyo hadithi ilivyokuwa yake yeye, mtoto Will na roboti. Baba na mama wakabaki pembeni. Mwaka 1968 ilifikia mahali familia inabishana na karoti inayosema! Inasimuliwa kwamba Guy Williams, aliyekuwa baba, na June Lockhart walishindwa kuzuia kicheko siku ya kupiga picha, wakaadhibiwa kwa kuachwa nje ya vipindi vilivyofuata.

Kulikuwa pia na sinema ya mwaka 1998, lakini hiyo tutaipita haraka. Inajulikana zaidi kwa kuiondoa Titanic kileleni baada ya majuma 15. Jonathan Harris alipewa nafasi ndogo akaikataa.

Wakati huu mama ndiye anayeongoza

Tamthilia ya mwaka 2018 inaanza na familia mezani ikicheza karata, imevaa nguo za angani, huku chombo kikianguka. Mama ndiye anayewataka waendelee kucheza. Dakika chache baadaye amevunjika mguu, binti mkubwa amenaswa ndani ya barafu, na kitinda mimba yuko peke yake katika msitu unaoungua. Mmoja wetu alizima televisheni, akapumua, akaiwasha tena.

Maureen huyu, aliyeigizwa na Molly Parker, ni mhandisi wa vyombo vya angani. Ndiye aliyepanga safari, ndiye anayepiga hesabu, ndiye anayegundua kwamba sayari waliyoangukia inakaribia kuangamia. Baba, John, aliyeigizwa na Toby Stephens, ni mwanajeshi aliyekaa mbali na nyumbani miaka kadhaa. Ndoa yao ilikuwa imebaki jina. Amejiunga na safari dakika za mwisho, na wanawe hawajui wamweke wapi.

Hapa ndipo watazamaji wengi wa zamani walipokunja uso. Walikulia na familia ambayo baba na mama walikuwa kitu kimoja, na ugomvi wote ulitoka nje: majitu, dhoruba, Smith. Sasa wanawakuta wazazi wanaojibizana mbele ya watoto. Wengine walisema mama amefanywa mjuaji wa kila kitu na baba amefanywa mgeni nyumbani kwake. Wakauliza kama siku hizi haiwezekani kutunga hadithi ya ndoa isiyo na ufa.

Tulidhani Bibi atakuwa upande huo. Kweli alisema kwamba mwanamke yule anapenda mno kuamuru. Lakini aliyezungumza kwa nguvu alikuwa mwenzetu mwingine, ambaye kwa kawaida ni mkimya. Mume wake alifanya kazi nje ya nchi miaka minne. Alituambia kwamba mtu asiyewahi kumpokea mume aliyerudi hawezi kuielewa tamthilia hii. Fedha zilikuwa zikija kila mwezi, hakuwa na la kulaumu. Lakini aliporudi, mtoto wa mwisho alimwita mjomba. Baba alitaka kurekebisha kila kitu kwa siku moja, naye mama alikuwa amekwisha kuzoea kuamua peke yake: ada, mafundi, wagonjwa, vyote. Kila alipoulizwa jambo alisikia kama anapokonywa. Alisema John na Maureen wamemrudisha kwenye mwaka ule, na kwamba kilichomgusa ni kuona hawakupatana kwa maneno mazuri. Walipatana kazini, mmoja akishika kamba na mwingine akining'inia.

Hatukuwa na la kuongeza. Maoni yetu ni kwamba tamthilia imemtendea haki John zaidi ya walalamikaji wanavyosema. Haikumfanya mjinga. Ilimwonyesha mwanaume shujaa anayejifunza tena, polepole na kwa aibu, kuwa baba nyumbani kwake.

Dhambi ya Maureen

Sasa tufike kwenye jambo lililotuchukua jioni nzima. Ili familia ikubaliwe kwenda, kila mmoja lazima ashinde mitihani. Will, mtoto wa miaka 11, alishindwa. Hakuwa na uthabiti wa moyo uliotakiwa. Mama yake hakumwambia. Alikwenda kwa siri, akafanya mapatano yaliyo kinyume cha sheria, na matokeo yakabadilishwa.

Mama Mwalimu, aliyefundisha darasa la saba kwa miaka mingi, aliweka kikombe chini. Alisema hiyo ni kununua mtihani, hakuna jina lingine. Amewaona wazazi wa namna hiyo, na amewaona watoto wao wakifika sekondari bila kuweza kufuata somo, wakidhani wao ni wajinga, kumbe wamepandishwa ngazi ambayo miguu yao haijafika. Tena, alisema, kuna mtoto mwingine aliyestahili nafasi ile akabaki duniani.

Wengi tuliitikia. Kisha mwenye nyumba, aliyekuwa akikusanya vyombo, alisema bila kugeuka kwamba yeye angefanya vilevile. Kwamba kama dunia inaharibika na nafasi za kuondoka zimehesabiwa, na watoto wake wawili wamepita na mmoja hakupita, hangemwacha huyo mmoja. Hangeomba ruhusa kwa mtu.

Palikuwa kimya. Sote tunajua kwamba kijana wake alishindwa mtihani mara mbili, na kwamba kuna mtu alimwambia wakati ule kwamba mambo yanaweza kutengenezwa. Alikataa. Kijana sasa anajifunza useremala, na mama yake bado anajiuliza. Mama Mwalimu aliinuka akamsaidia kubeba vyombo. Walikaa jikoni muda mrefu, nasi hatukuwafuata.

Tumesoma watazamaji wakisema kwamba kitendo hicho kimemharibu Maureen, kwamba mama wa zamani asingedanganya kamwe. Ni kweli asingedanganya. Watungaji hawakumpa jambo gumu la kuamua. Sisi hatuhalalishi alichofanya. Lakini tunaona tofauti kati ya tamthilia inayoficha kosa na tamthilia inayotuweka uso kwa uso nalo. Hii ilitufanya akina mama watano tuseme sebuleni mambo ambayo hatujayasema katika vikao vyetu vyote.

Judy na Smith

Mabadiliko mengine mawili yalizua maneno. Judy, binti mkubwa, zamani aliigizwa na msichana mwenye nywele za dhahabu. Wa sasa, Taylor Russell, ni mweusi. Hadithi inaeleza kwamba Maureen alimzaa na mwanaume mwingine, mwanaanga aliyepotea, na John amemlea kama wake. Wako watazamaji waliosema hayo ni mambo ya mtindo tu. Bibi hakusema hivyo. Alimtazama Judy kwa muda mrefu akiwa amevaa vazi la angani, akitibu watu. Akasema kwamba mwaka ule wa 1966 alikuwa mweusi peke yake katika sebule ile, na katika familia ya Robinson pia hakumwona wa kufanana naye. Halafu akaomba chai.

Ama Smith, safari hii ni mwanamke, Parker Posey, na si Smith hata kidogo, kwani jina hilo ameliiba kwa daktari mwingine. Daktari huyo aliyeibiwa aliigizwa na Bill Mumy, yule yule aliyekuwa mtoto Will miaka ya 1960! Jina lake halisi mwanamke huyu ni June Harris, heshima kwa June Lockhart na Jonathan Harris. Waliozoea kicheko hawakufurahi. Mwanamke huyu hachekeshi sana. Anasikiliza, anaunga mkono, anatafuta jeraha la mtu kisha analibonyeza. Hapa tunakiri kwamba tuko na wa zamani kidogo: kicheko kinakosekana, na kuna jioni nyumba inahitaji karoti inayosema. Lakini kwa kutisha, huyu ametisha zaidi, maana kila mmoja wetu amewahi kumkaribisha mtu wa namna hiyo nyumbani akampa na chakula.

Wapenda sayansi nao walikuwa na malalamiko yao. Katika sayari ile kuna viumbe kama mikunga (wa majini, si wakunga wa kujifungua) wanaokunywa mafuta ya chombo, jambo lililowachekesha wengi. Sisi hilo tuliliacha lipite. Mzazi ajue tu kwamba watoto wadogo wanaweza kuogopa. Wa kwetu wa miaka sita alilala katikati ya wazazi siku mbili.

Watoto 97

Msimu wa pili ulitoka mkesha wa Krismasi mwaka 2019, na mwisho wake ndio uliotunyamazisha. Maroboti adui wanakuja. Chombo kinachoweza kuponyoka hakitoshi watu wote. Wazazi wanaamua kuwapakia watoto peke yao, 97 kwa hesabu, na Judy ambaye ni msichana tu anapewa kuwa nahodha. Maureen, mwanamke mwenye jibu la kila kitu, aliyevunja sheria ili watoto wake watatu wasitengane naye, ndiye anayewafungia mlango.

Watazamaji wengi waliosema hadithi mpya haina moyo walisema hivyo mwaka 2018. Tungependa kujua kama waliendelea mpaka hapa. Msimu wa tatu, wa mwisho, ulitoka tarehe 1 Desemba 2021. Unaanza mwaka mmoja baadaye, wazazi upande mmoja wa anga na watoto upande mwingine. Hatutaeleza unavyokwisha, kwa sababu huenda nawe watoto wako wakakuzidi nguvu.

Siku tuliyomaliza, mwenye nyumba alitoka uani kumpigia simu kijana wake. Tulisikia akimwuliza kama amekula, na kama ile meza aliyoagizwa imekwisha kupigwa randa. Ndani, Bibi alikuwa bado ameshika kidhibiti cha televisheni. Aliwataka watoto wamrudishie kipindi cha kwanza, pale wanapoonyesha chombo kwa ndani, kwa sababu kulikuwa na jambo moja hajaliona. Tulitazama naye vyumba vyote, polepole, mara mbili. Mashine ya kufulia hatukuiona.